Kisu cha Mjomba

Asubuhi ile mjomba alichomeka kipimajoto ardhini, akasubiri dakika chache, kisha akakisoma: nyuzi 10 za Selsiasi. "Leo zimetoka," alisema, akanikabidhi mfuko wa wavu uliokuwa wa vitunguu, ili nitakachochuma kipate hewa na kisiozee njiani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, na yeye, aliyekuwa akitafuta moreli, uyoga wa porini unaoliwa, kila majira ya kuchipua kwa miaka mingi, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Alinipeleka chini ya mti wa elmu uliokuwa ukifa, magome yakibanduka, akaniagiza nisimame nitazame tu. Nilisimama karibu robo saa bila kuona chochote isipokuwa majani makavu ya mwaka uliopita. Kisha jani mojawapo likawa si jani: palikuwa na uyoga wa kahawia hafifu mbele kabisa ya kiatu changu, kofia yake imejaa vishimo kama kipande cha sega la nyuki kilichosimamishwa juu ya bua jeupe. Baada ya kuuona huo niliona wa pili, wa tatu, na wa nne ambao nilikuwa karibu kuukanyaga.

Kosa langu lilianzia hapo, maana macho yaliyokuwa hayaoni kitu sasa yalianza kuona moreli kila mahali. Nilimwacha mjomba nyuma, nikaingia kwenye misonobari, na huko nikaokota uyoga mnene wa rangi nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia, mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, nikarudi nao mbio kama mtoto aliyeokota sarafu.

Mjomba hakunipongeza wala hakunikaripia. Alichukua kwanza moreli moja kutoka mfukoni mwake, akaipasua kwa kisu kuanzia nchani hadi shinani, akanionyesha: ndani palikuwa patupu, kofia na bua vikiwa uwazi mmoja usio na kizuizi. Kisha akaupasua wangu. Kofia yake haikuwa na vishimo bali mikunjo kama ya ubongo, na ndani mlikuwa na vijumba vilivyogawanyika, vyenye nyama laini. Ulikuwa jiromitra, moreli bandia, yenye sumu ambayo mwilini hubadilika kuwa kemikali ya monomethilihidrazini, ileile inayotumika kama fueli ya roketi. Dalili zake kwa kawaida huanza saa sita au zaidi baada ya mlo, wakati mlaji amekwisha kujihesabu salama.

"Sasa mwaga mfuko," alisema. Nilipiga magoti nikapasua kila uyoga niliouchuma, mmoja baada ya mwingine, naye amesimama juu yangu. Yote iliyobaki ilikuwa mitupu ndani.

Jioni alizikaanga kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa, hadi maji yote yakakauka, akisema kwamba hata moreli halisi ni sumu ikiwa mbichi. Wakati ule nilimwona anazidisha. Sikumwona hivyo tena baada ya mwaka 2023, watu 51 walipougua na wawili wakafa kufuatia mlo katika mgahawa mmoja wa jimbo la Montana, Marekani, na uchunguzi ukazielekea moreli zilizoliwa mbichi au bila kuiva vizuri.

Alinipakulia vipande vinne tu, kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza, na moreli moja mbichi akaifunga katika karatasi na kuiweka kwenye friji. Nilipomuuliza ni ya nini, alijibu kwamba tukiugua usiku, daktari awe na cha kutazama.

Alfajiri nilimkuta jikoni, karatasi ile bado iko mahali pake.

"Umelala vizuri?"

"Vizuri, Mjomba," nilimjibu, ingawa saa ya sita baada ya mlo ilinikuta macho, nikisikiliza tumbo langu.