Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine za boti, Unguja

Saa 11 na nusu alfajiri niko pwani ya Funguni. Begi la spana liko begani, mkononi nina dumu safi la lita 20, na shingoni nimezungusha mpira wa plastiki unaoonekana ndani. Dumu na mpira ndivyo vinavyowashangaza watu. Wengi wanajua fundi wa dizeli huja kufungua mashine, kutandaza vyuma na kuchafua nguo. Mimi kuna siku naondoka na mashine yenyewe sijaigusa boliti hata moja, na mgonjwa kapona. Kazi kubwa kwetu ni kutafuta, na kutafuta hakuonekani kwa macho, ndiyo maana hata kukulipa mtu anaona tabu.

Boti ya leo ni mpya, ya faiba, imejengwa kupeleka wageni visiwa vya Changuu na Bawe. Ina mashine mbili za dizeli, za ndani. Hapa kwetu boti nyingi za wageni hutumia mashine za petroli za kufunga nyuma, kwa hiyo dizeli za ndani zikisumbua hupati fundi kila kona. Ugonjwa wenyewe: zikiwashwa zikiwa zimefungwa gatini, zinanguruma kutwa bila shida. Zikitoka na kutiwa moto, yaani kuongezwa mwendo, baada ya kama dakika 20 ya kushoto inalegea, inashuka, inazima. Nahodha akisubiri kidogo, inawaka kama haijawahi kuumwa. Mafundi waliotangulia wameshabadilisha noozeli za kurushia mafuta, filta na pampu ndogo ya kuvutia mafuta, na kila aliyekuja amelipwa. Tajiri, mwenye boti, ana haki ya kuchoka.

Tulipatana kuondoka saa 12. Hizi ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, na Unguja maji ya bamvua hujaa kama saa 10 alfajiri, yakafika mwisho wa kukupwa kama saa 4 asubuhi, tofauti inakaribia mita 4. Boti inapolala, ukichelewa unaiacha bahari inaondoka bila wewe. Funguo za chumba cha mashine anazo tajiri, hakutaka kuziacha kwa nahodha. Saa 12 ikapita. Saa 1 ikapita. Nahodha akapiga simu, akaambiwa "niko njiani". Tulitazama maji yakitoka chini ya boti mpaka rafadha, zile panga za kusukuma boti, zikaonekana, kisha boti ikainama upande mmoja ikakaa mchangani.

Tajiri aliingia saa 2 na nusu.

"Fundi, mbona hamjaondoka?"

"Shikamoo mzee. Funguo unazo wewe, na boti imeshakaa."

"Marahaba. Basi washa hapa hapa tuisikilize."

Nikamweleza kwa heshima. Mashine hii hupozwa na maji ya bahari. Pampu yake ina kigurudumu cha mpira chenye mapanga kinachozunguka, na kikizunguka kikavu kinaungua upesi, halafu tunakuwa na tatizo jingine juu ya hili. Na hata kungekuwa na maji, mashine ikiwa haisukumi kitu huwezi kuiona inavyozima. Akasema yule fundi mwengine aliwasha. Nikasema sawa, lakini mimi siwashi.

Hapo akapiga simu kwa jamaa yake wa Dar es Salaam, ana gereji ya magari, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Jamaa akasema tatizo ni pampu kubwa, ile ya shinikizo, iondolewe na inunuliwe nyengine. Hakuiona boti, hakuuliza moshi una rangi gani, hakuuliza inazima ikiwa katika mwendo gani. Pampu hiyo ni ghali kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa tukikizungumza pale, na ukishaifunga mpya hurudishi dukani. Nilikaa kimya mpaka simu ikakatwa. Nikamgeukia nahodha, kwa sababu anayekaa na mgonjwa ndiye anayejua homa inapanda saa ngapi.

"Nahodha, ikianza kulegea, moshi ukoje?"

"Ukitia moto wote unatoka mweusi, zote mbili. Lakini ya kushoto ikianza kufa, moshi unakatika kabisa."

Jibu hilo lilinipa nusu ya kazi. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, mara nyingi kwa sababu mzigo umeishinda mashine. Moshi kukatika huku mashine inashuka maana yake mafuta hayafiki. Hayo ni magonjwa mawili, na waliotangulia waliyatibu kama mmoja.

Tangu saa 3 mpaka maji yaliporudi nilifanya yanayofanyika nchi kavu. Chujio la maji ya bahari, klipu za mipira, ncha za betri, waya za arthi. Katika boti mpya hapo ndipo palipo na mambo: klipu haikukazwa, waya umepitishwa karibu na bomba la moshi, mpira umepinda ukajibana. Nikalala chini mchangani nikapima rafadha. Chumba cha mashine kina urefu wa mtu aliyekaa. Faiba ikipigwa na jua, ndani kunakuwa joto la kukata pumzi, na harufu ya dizeli na gundi mpya inapanda kichwani. Nikaswali adhuhuri, nikala mkate na chai, nikarudi ndani.

Saa 8 na nusu mchana tukaelea, tukatoka. Nje kulikuwa na kusi lenye nguvu, mawimbi mafupi ya kugonga. Tajiri akaja nasi.

Kabla hatujatoka nilikuwa nimekata njia ya mafuta kati ya tangi na mashine ya kushoto, nikaweka ule mpira wa kuonekana na saa ndogo ya kupima mvuto. Mafuta yakikosekana, kwa kawaida sababu ni tatu: tundu la pumzi la tangi limeziba, njia inaingiza upepo, au kuna kitu kimekaa njiani. Kwa dakika za mwanzo mshale ulitulia na mafuta yalipita safi, bila povu. Kisha mshale ukaanza kusogea pole pole. Mashine ikalegea. Nikapiga kelele nahodha afungue kifuniko cha kujazia mafuta. Kama ni pumzi iliyoziba, hapo tangi lingevuta hewa na mashine ingefufuka. Haikufufuka. Mpirani hamkuwa na povu hata moja, kwa hiyo si upepo. Ikazima.

Tangu hapo sikumbuki saa vizuri. Nilikuwa nimejikunja juu ya mashine ya moto, boti inarushwa, jasho linaingia machoni, na tajiri juu anauliza kila mara kama nimeona kitu. Nikahamisha mpira wa kuvutia nikauingiza katika dumu, na mpira wa marejeo pia. Huu wa marejeo watu huusahau. Dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, yanayobaki hurudi. Ukiyaacha yarudi tangini, dumu linakauka upesi na utadhani ugonjwa umerudi. Tukawasha, tukatia moto. Dakika 20 zikapita. Tukazunguka Changuu, ikaendelea, mshale umelala. Kwa hiyo noozeli nzima, pampu kubwa nzima, mashine nzima. Kitu kilikuwa tangini.

Tukatia nanga upande usio na upepo. Nikafungua bomba la kuchotea mafuta, lile linaloshuka ndani ya tangi, nikalichomoa. Mdomoni mwake palikuwa na vipande vya plastiki vilivyojikunja pamoja na nyuzi za faiba. Aliyefunga tangi alilitoboa likiwa limeshakaa mahali pake, hakufagia ndani. Mwendo mdogo, mvuto ni mdogo, vipande vinalala chini. Ukitia moto, vinanyanyuka kimoja kimoja mpaka vinaziba mdomo. Mashine ikizima, mvuto unakwisha, vinaanguka, na ukiwasha inawaka. Filta zote zilizobadilishwa ziko mbele ya hapo, haziwezi kuonyesha chochote.

Nikamwekea tajiri kiganjani.

"Hiki tu?"

"Hicho tu, mzee."

"Sasa mbona bei ni ile ile?"

Nilikuwa nimechoka, lakini hili nililijibu taratibu. Nikamwambia bei ile si ya kutoa plastiki, ni ya kujua kwamba ipo pale na kwamba pampu kubwa hainunuliwi. Nikamwambia pia kazi haijesha: matangi yote mawili yafunguliwe yasafishwe mpaka chini, maana la kulia limetobolewa na mkono ule ule.

Halafu nikamgusia ugonjwa wa pili, na huo hakuupenda. Kibati cha mashine kinasema mizunguko 3,000 kwa dakika. Zote mbili, zikitiwa moto wote, zinaishia 2,600 na moshi mweusi. Aliyechagua rafadha alipigia hesabu boti tupu. Baadaye tajiri akaongeza paa, viti, tangi la maji na jenereta. Rafadha zina msokoto, yaani mpindo wa panga zake, mkubwa kuliko zinavyoweza kusukumwa, na mashine inayofanyishwa kazi hivyo kila siku hujaa masizi, hupata joto, na vali zake huungua mapema. Zibadilishwe au zipunguzwe msokoto. Akasema tutaongea msimu ukianza. Msimu ukianza ndipo atakapokuwa na watalii ndani.

Tuliingia Funguni maji yameanza kutoka tena, magharibi haiko mbali. Akalipa nusu, nusu baada ya matangi. Nikamwita nahodha pembeni, nikamchorea alama ya wino mwekundu kwenye saa za mizunguko, zote mbili: mpaka rafadha zibadilishwe, asivuke 2,200, hata wageni wakimhimiza, hata tajiri mwenyewe akimhimiza.