Kutoka 94 hadi 470: nilivyopandisha faiba hadi darini

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Ni orofa tatu za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, kuta nene kiasi cha kukaa zidaka ndani yake. Mimi hufanya kazi darini, orofa ya juu kabisa, chumba ambacho dirisha lake linatazama Bandari ya Kale. Napiga na kuhariri video za harusi, hasa usiku wa kupamba, ambapo hawaingii wanaume na kwa hivyo hatakiwi mpiga picha mwanamume. Harusi moja huniachia faili za gigabaiti 60 hivi, na kila harusi ina khalati au shangazi aliyeko Muscat au London ambaye anataka kuziona kabla bibi harusi hajamaliza fungate.

Laini yetu ya zamani ya intaneti ilikuwa ya megabiti 40 kwa sekunde. Hesabu yake ni rahisi ukishajua kwamba baiti moja ni biti nane: gigabaiti 60 ni gigabiti 480, na kwa kasi ya 40 hizo ni saa tatu na dakika ishirini, kama hakuna mwingine nyumbani anayetumia. Msimu wa harusi nilikuwa nasubiri kila mtu alale ndipo nianze kutuma. Basi nikajifunga kibwebwe, nikalipia kifurushi cha megabiti 500.

Fundi wa kampuni alikuja, akabadilisha kile kisanduku cha faiba (waya wa kioo unaopitisha mtandao kwa mwanga) kilichoko chini karibu na mlango, akaondoka. Nikapanda darini, nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikapima kasi. Megabiti 94. Nikapima tena usiku, 94. Kesho yake asubuhi, 94 vilevile. Nilipiga simu kwa kampuni mara mbili, na mara ya pili sikuzungumza kwa upole, jambo ambalo nalijutia kwa sababu kosa halikuwa lao.

Fundi aliporudi hakubishana nami. Alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye kisanduku, tukaangalia pamoja: 480 na ushee.

"Dada, laini yako ni nzima," akaniambia. "Ukiona 94 isiyopanda wala kushuka, tafuta waya."

Kisha akanieleza, na maelezo hayo nadhani ndiyo yaliyonifaa kuliko kifurushi chenyewe. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbilimbili. Kasi ya gigabiti moja inahitaji jozi zote nne. Uzi mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa vya pande mbili vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi megabiti 100, ambayo inatosheka na jozi mbili tu. Ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na maelezo yanayobandikwa kwenye kila kipande cha data, unabaki na 94 au 95. Hakuna taa nyekundu wala onyo lolote. Na nilipokuwa na laini ya 40 sikuweza kujua, maana waya mbovu wa 100 bado ulikuwa mpana kuliko maji yaliyokuwa yakipita ndani yake.

Nilifungua plagi ya juu, ile iliyokaa miaka karibu na dirisha. Vile vijino vya shaba vilikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi haina huruma hapa kwetu, muulize yeyote mwenye friji au baiskeli. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu, nao ukatoka mweupe ndani: ni alumini iliyopakwa shaba juu. Waya za aina hiyo huuzwa rahisi na zinafanana kabisa na za shaba tupu, ila hukatika upesi na hupitisha umeme vibaya zaidi. Ukienda dukani, beba kisu, na usione haya kukwangua mbele ya muuzaji.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni waya mpya wa shaba tupu, wa daraja la Cat6, ambao kwa gigabiti moja unafika mita 100 na kwa gigabiti 10 kama mita 55. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya huo, nami ningemshauri hivyo jirani yeyote. Lakini kwetu kuna tundu moja tu lililopenya kuta na sakafu kutoka chini hadi juu, na ndani yake zinapita nyaya za stima pamoja na waya wa antena iliyoko juu ya paa. Kutoboa tundu jingine sikutaka. Kuta hizi zimesimama tangu enzi za babu zake mama, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kwa hivyo nikachagua njia ya pili, kupandisha faiba yenyewe hadi darini. Kioo hakipitishi umeme, hakisumbuliwi na nyaya za stima zilizo kando yake, radi ikipiga antena haipiti kwenye kioo, na uzi wenyewe ni mwembamba.

Sikuunganisha kioo mwenyewe, kazi hiyo ina mashine yake. Nilinunua waya wa faiba wa mita 20 uliokuja na vichwa vyake tayari, pamoja na vigeuzi viwili, visanduku vidogo vinavyopokea mwanga upande mmoja na kutoa waya wa kawaida upande wa pili. Kwanza nilipima njia kwa kamba ya katani, nikajiachia mita tatu za akiba. Kisha kaka yangu akavuta kutoka juu, nami nikawa nasukuma kutoka chini, kichwa cha waya kimefungwa plastiki ili kisiingie vumbi la chokaa. Tulienda polepole sana. Faiba ikikunjwa kupita kiasi mwanga huvuja kwenye kona, kwa hivyo kila kona nilipima kwa kikombe cha kahawa: mkunjo usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe. Na kitu kimoja cha usalama: usichungulie mwisho wa waya wakati upande wa pili umewashwa. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Tukawasha. Kimya. Taa ya kiungo haikuwaka juu wala chini, na mama aliyekuwa akitutazama tangu adhuhuri akasema, "Mwanangu, pumzikeni mle kwanza." Tukala. Ni wakati wa kula ndipo niliposoma maandishi madogo chini ya vigeuzi. Faiba ya uzi mmoja hupeleka na kurudisha kwa rangi mbili tofauti za mwanga. Kigeuzi cha A hutuma kwa nanomita 1310 na kusikiliza kwa 1550, na cha B ni kinyume chake. Mimi nilipewa A mbili, kila moja inazungumza na hakuna inayosikia. Nikatoka mbio hadi Digo Road kabla duka halijafungwa, nikabadilisha moja. Angalia pia rangi ya vichwa: kijani kimekatwa mshazari na buluu hakikukatwa hivyo, kwa hivyo usivichanganye hata kama vinaingiliana.

Jioni ile kompyuta ilionyesha 470. Gigabaiti 60 sasa zinapanda kwa takriban dakika 17, ikiwa upande wa kupokea nao una nguvu. Lakini faida kubwa zaidi sikuitarajia. Diski zangu za akiba ziko chini, mbali na chumvi ya dirisha, na kunakili harusi moja kwenda huko kulikuwa kunachukua saa moja na nusu. Sasa ni dakika tisa, maana ndani ya nyumba faiba inakwenda kwa gigabiti moja, si kwa kasi ya kifurushi.

Waifai niliishughulikia baadaye, kwa muda mfupi. Kuta za matumbawe zinameza mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5, na ile ya 2.4 imejaa majirani. Niliweka kituo kingine darini, kinachopokea kutoka kwenye faiba, na kile cha chini nikakipunguza nguvu ili simu zisiking'ang'anie mtu akiwa juu. Mama sasa anazungumza na dada yake wa Muscat akiwa kitandani mwake, hashuki tena barazani kutafuta mtandao.

Betri nayo ni muhimu. Vigawanya mwanga vya barabarani, vinavyogawia nyumba kadhaa faiba moja, havitumii umeme, kwa hivyo stima ikikatika mtaani faiba mara nyingi bado iko hai, kinachozima ni visanduku vyako. Nimeweka betri ndogo chini na nyingine juu.

Wala sisemi kwamba sasa nina uhakika wa kila siku. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilitua hapa Mombasa mwaka 2009, na Seacom ikaanza kazi mwaka huohuo. Hufikiria hilo nikiwa dirishani: mwanga umevuka bahari kilomita elfu kadhaa hadi mji huu huu, kisha kwa miaka ukakwamia kwenye plagi yenye kutu iliyo hatua mbili kutoka kiti changu.

Plagi ile nimeihifadhi kwenye zidaka, pamoja na karatasi ya vipimo: kisandukuni, mwisho wa faiba, kwenye kompyuta, kwa waifai. Kusi likianza kuvuma nitapima tena zote nne.