Nilivyochagua PGM nikiwa sijui nitakuwa nani

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Katikati hapo, kwetu Tanzania, TAMISEMI hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform kwa muda, ili mhitimu aweze kubadilisha tahasusi, yaani kombi ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita, aliyojaza alipokuwa bado shuleni. Mimi nilikuwa nimejaza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kama karibu darasa zima la sayansi. Alama zangu zilipotoka nilikuwa na A ya Hisabati, B za Fizikia, Jiografia na Baiolojia, na C ya Kemia. Alama za namna hiyo hazikuamulii kitu. PCB, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) zote zilikuwa wazi kwangu, na sikuwa na kazi hata moja ambayo ningeweza kusema kwa dhati kwamba ndiyo ninayoitaka.

Kila mtu aliniuliza jambo lile lile: unataka kuwa nani? Shangazi aliuliza, jirani aliuliza, mwalimu wa taaluma aliuliza. Waliuliza kwa upendo, sina shaka. Lakini swali hilo linamtaka kijana ataje kazi alizowahi kuziona, na kazi ambazo wengi wetu tumeziona kwa karibu ni chache: mwalimu, nesi, daktari, askari, dereva, mfanyabiashara. Huwezi kutamani kuwa mpimaji ardhi au mtaalamu wa takwimu kama hujawahi kumwona anayefanya kazi hiyo. Kwa hiyo anayejibu haraka si lazima awe anajijua zaidi. Pengine ameshika tu jina lililo karibu naye.

Nikaamua kuliweka swali hilo pembeni na kutafuta maswali yenye majibu. Yalikuwa mawili: kila kombi inafunga milango gani, na ni masomo gani niko tayari kukesha nayo kwa miaka miwili hata siku ambazo hayanipendi.

Kwa swali la kwanza nilitumia mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Hutolewa kila mwaka na unapatikana mtandaoni bila malipo. Wanafunzi wengi huufungua wakiwa wameshamaliza kidato cha sita, wakati masomo waliyosoma hayabadiliki tena. Mimi niliusoma kabla sijaingia cha tano, na nadhani huo ndio wakati wake hasa. Kwa kila programu, mwongozo unaonyesha sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Niliusoma kinyumenyume: sikuanza na kombi kutafuta kazi, nilianza na programu yoyote iliyonivutia hata kwa jina tu, kisha nikaangalia inadai masomo gani. Nilichora jedwali kwenye kaunta buku, programu upande mmoja, kombi upande wa pili, nikaweka alama ya vema pale zinapokutana.

Picha iliyojitokeza ilinishangaza. Kuna milango michache migumu sana na mingine mingi iliyo wazi kuliko tunavyoambiana. Udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. CBG, pamoja na ukaribu wake na PCB, haikufikishi huko. Uhandisi wa ujenzi unatazama zaidi Hisabati ya juu na Fizikia. Lakini ukifika kwenye programu za biashara, mipango, utawala na sayansi ya jamii, sifa mara nyingi ni orodha ndefu ya masomo, na mtu wa sayansi anapita humo bila shida. Kuna hata programu ambazo asiyesoma Hisabati ya juu anakubaliwa akiwa amefaulu BAM, ile Hisabati nyepesi ya wasiosoma Hisabati ya juu. Hili la BAM nalisisitiza, kwa sababu watu huidharau kwa vile ni somo la ziada na haihesabiwi kwenye ufaulu mkuu. Kumbe ndiyo inayomwokoa mtu kwenye baadhi ya sifa hizo.

Mtu angeweza kusoma jedwali lile na kuhitimisha kwamba kila asiyejua aende sayansi, kwa kuwa ukitoka sayansi unaweza kwenda kwingine na ukitoka sanaa huwezi kurudi kwenye uhandisi. Nilikataa kuishia hapo kwa sababu ya pointi. Kwenye udahili wa chuo kikuu A ya kidato cha sita ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2, E ina 1 na S ina nusu. Kiwango cha chini kwa programu nyingi ni masomo mawili ya ufaulu mkuu, yaani E kwenda juu, yenye jumla ya pointi 4. Lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kwenye programu inayogombewa, wanaochukuliwa ni wenye pointi nyingi. Mwenye D, D na E kwenye PCB ana pointi 5. Mwenye B, B na C kwenye kombi nyingine ana 11. Huyu wa kwanza amesoma kombi yenye sifa mtaani, ila mlango aliouendea hautamfungukia, na milango mingine anaifikia akiwa nyuma ya wenzake. Kombi inafungua mlango kwa alama utakazopata ndani yake, si kwa herufi zake.

Ndiyo maana swali la pili nilitaka kulijibu kwa majaribio, si kwa hisia. Kaka mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaniazima madaftari yake na mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya miaka iliyopita, na rafiki yake akaniongezea ya Baiolojia na Kemia. Nilijua siwezi kuifanya, kwani mada zenyewe sikuwa nimesoma. Nilichokuwa nachunguza ni kingine. Nilichukua mada moja ya kila somo, nikasoma maelezo yake kwenye daftari, nikajaribu maswali machache, kisha nikajiangalia mwenyewe: nikikwama, natamani kuendelea au natamani kufunga daftari?

Baiolojia niliisoma kwa furaha. Mada ya seli ilinivutia kweli. Lakini nilipofika kwenye uainishaji wa viumbe, kurasa kwa kurasa za kushika kichwani, nilijikuta nasoma mstari huo huo bila kuingiza kitu. Kemia hai ilinichosha mapema zaidi, na ile C yangu ilikuwa imeshanieleza jambo. Hisabati ilikuwa ngumu kuliko zote, hasa kalkulasi, ila ilikuwa na tabia ya kunifuata. Nilikuwa naosha vyombo na swali bado liko kichwani. Na kwenye Jiografia nilikutana na kitu ambacho sikukitarajia: karatasi ya kwanza ina sehemu ya vitendo, ya kusoma ramani, takwimu na upimaji mwepesi wa ardhi. Kulikuwa na ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, unaambiwa ukokotoe mteremko kati ya sehemu mbili na uchore mchoro wa kilima kwa ubavu. Nilikaa nao jioni nzima, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilifanya na jambo jingine ambalo naliamini sana mpaka leo. Niliwatafuta watu wa kazi mbalimbali, wale niliowafikia kupitia ndugu na majirani, na sikuwauliza kama kazi yao ni nzuri. Ukiuliza hivyo utaambiwa “inalipa” au “ni wito.” Niliwauliza: jana, tangu ulipofika kazini, ulifanya nini? Nesi mmoja alinieleza siku yake saa kwa saa: kupokea taarifa za zamu ya usiku, dawa, vidonda, ndugu wa wagonjwa wenye hofu, mafaili, kukabidhi zamu. Alipomaliza nilimheshimu kuliko mwanzo, na nikajua pia kwamba siku kama ile ingenimaliza. Mpimaji ardhi aliniambia nusu siku alikuwa juani na kifaa chake, nusu iliyobaki mbele ya kompyuta akihakikisha vipimo vinafunga. Sikusema “hii ndiyo kazi yangu.” Nilisema tu kwamba siku hiyo ningeweza kuiishi.

Ikabaki PCM na PGM. Tofauti yake kwangu ilikuwa Kemia dhidi ya Jiografia, na kwa Kemia nilikuwa na ushahidi wa kutosha. Niliangalia tena jedwali: kwa PGM ningepoteza udaktari, ufamasia na kila kinachodai Kemia na Baiolojia. Nikajiuliza kama ningehuzunika. Jibu lilikuja haraka mno kiasi kwamba nililipa muda wa kutulia kabla ya kuliamini.

Kazi kubwa ilikuwa kwa Baba. Yeye alitaka PCB, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa.

“Mwanangu,” aliniambia, “daktari hakosi kazi. Hiyo Jiografia itakupeleka wapi?”

“Bado sijajua, Baba. Lakini naomba nikuonyeshe kitu.”

Nilimfungulia jedwali, nikamwachia mwongozo wenyewe aupekue. Baba ni mtu wa kusoma mwenyewe. Ukimweleza sana anaona unamzunguka. Alisoma muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo namshukuru kwalo: “Na ukibadili mawazo huko mbele, ukataka hospitali?” Nilikuwa nimelitafutia jibu. Stashahada ya utabibu hutazama matokeo ya kidato cha nne, ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia ukiwemo, na hayo nilikuwa nayo tayari. Kusoma PGM hakufuti cheti cha kidato cha nne. Njia ya hospitali ingekuwa ndefu zaidi, lakini ingekuwepo. Nadhani hilo ndilo lililomtuliza, zaidi ya maelezo yangu yote kuhusu kontua.

Alikubali kwa sharti: Hisabati ya juu ikinishinda mwanzoni, nimwambie mapema, nisifiche. Lilikuwa sharti la busara, maana kubadilisha kombi ukishafika shuleni kunawezekana wiki za mwanzo tu, mkuu wa shule akiridhia na nafasi ikiwepo. Ukishachelewa, masomo yameshakwenda mbali.

Miaka miwili yenyewe sitaieleza sana. Hisabati ilikuwa nzito kama nilivyotarajia, na mitihani ya kwanza ilinitisha. Kilichonisaidia ni kwamba nilijua kwa nini niko pale. Rafiki yangu wa bweni, aliyeingia PCB kwa ajili ya jina, alikuwa na akili kunizidi, lakini kila alipokwama alikuwa anaanza kwa kujiuliza kama alipaswa kuwa pale kabisa. Maswali mawili kwa wakati mmoja ni mengi kwa usiku mmoja wa prepo.

Siku ya upimaji kwa vitendo mwalimu alitupeleka kwenye uwanja wa shule na minyororo, tepu na fito, tupime na kuchora ramani yake. Tulirudia mara kadhaa kwa sababu pande hazikukutana kwenye karatasi. Zilipokutana, nilielewa kwamba ramani zote nilizosoma tangu darasa la nne kuna watu walitembea wakazipima. Nilimfuata mwalimu na maswali mpaka kengele ya chakula ikalia.

Hata hivyo sikufunga milango mingine. Wakati wa kuomba chuo niliweka programu tatu zilizotoka kwenye jedwali lile lile: jiomatiki (taaluma ya kupima ardhi na kutengeneza ramani), uhandisi wa ujenzi na mipango miji. Nilipata jiomatiki, Chuo Kikuu Ardhi. Hata sasa sijui kama nitaishia migodini, serikalini au kwenye ofisi ya ramani za kompyuta, na kutojua huko hakuninyimi usingizi tena.

Mdogo wangu naye amefika hatua hiyo, na kwake mambo ni mapana zaidi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, zikaingia za lugha, michezo, muziki na masomo ya dini. Alinipigia simu amechanganyikiwa na urefu wa orodha. Tulianza kwa kuondoa zile ambazo shule zinazozitoa hayuko tayari kwenda, kisha zile ambazo alama zake hazifiki. Amebakiwa na EGM na HGE. Uchumi na Jiografia zimo kote, kwa hiyo anachoamua kwa kweli ni kati ya Hisabati ya juu kila siku, na Historia pamoja na BAM. Wiki hii anatafuta mitihani ya zamani ya Hisabati na ya Historia aijaribu jioni kwa jioni. Aliniomba jedwali langu la zamani. Nimemwambia achore la kwake kwa mwongozo wa TCU wa mwaka huu, kwa sababu sifa za programu hubadilika na la kwangu limeshapitwa.