Kome Hana Wimbo

Bwana asifiwe, wapendwa.

Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliondoa viumbe 21 kwenye orodha ya wanaolindwa, kwa kuwa wametoweka kabisa. Kumi ni ndege, wanane ni kome wa mitoni, wale viumbe wa majini wenye gamba la pande mbili. Mmoja wa ndege hao, ʻōʻō wa kisiwa cha Kauai, Hawaii, alisikika mara ya mwisho 1987. Sauti yake imerekodiwa: dume anaita, ananyamaza kama anayengoja kuitikiwa, anaita tena. Wiki hii niliisikiliza nikalia.

Wale kome niliwapita tu.

Kome hana wimbo. Amejizika kwenye changarawe, anavuta maji, anachuja uchafu, anayaachilia yakiwa safi. Mmoja mkubwa huweza kuchuja kama lita 40 kwa siku. Watoto wake hujishikiza kwanza kwenye mashavu ya samaki ndipo wakue; bwawa likimzuia samaki huyo, kome naye hana uzao. Yote hayo chini ya maji, hakuna anayetazama.

Paulo anasema viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Nimelihubiri hilo, wala halikuniingia.

Mimi naongoza sifa. Nikiumwa koo Jumapili moja tu, simu yangu haipumziki. Jumapili iliyopita nilikuta kitambaa cha meza ya Bwana kimekunjamana, kina doa la divai. Nikafoka: nani amezembea? Kijana mmoja akajibu taratibu kwamba mama anayevifua hajaonekana wiki tano. Wiki tano! Na kila ibada napita mbele ya kiti chake nikienda kushika maiki.

Tusidanganyane, wapendwa. Waimbaji wana sare, wana mlezi, wana siku ya mazoezi. Asipokuja mmoja anaulizwa. Anayefua ana nani? Tunajua yupo siku maji yakichafuka. Na usiniambie "Mungu atamlipa" ili usimpigie simu. Baba anayemjua shomoro anapoanguka anamjua na huyu, lakini kiti kilichokuwa wazi kilikuwa mbele ya macho yangu mimi.

Nilimpigia Jumanne usiku. Iliita mpaka nikataka kukata.

"Mwanangu," akasema, sauti imekauka kwa homa, "nisamehe. Hicho chenye doa kiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi. Usikianike hivyo hivyo."