Tumba Zikipashwa Moto

Jirani anababua kichwa cha mbuzi tangu asubuhi. Mke wangu amefunga madirisha, nami nimeyafungua tena. Harufu hiyo inanirudisha Kaloleni, Arusha, miaka ya 1990, kwenye jiko la mkaa nyuma ya baa.

Juni ile ya manyunyu, ngozi za tumba, zile ngoma ndefu za bendi zinazopigwa kwa viganja, zilikuwa zinalegea hadi ukizipiga unasikia godoro. Kazi yangu ilikuwa kuzipasha kabla dansi halijaanza, nikizigeuzageuza zisiungue. Ndipo akaja Mmarekani mweusi, katoka kutazama wanyama Ngorongoro, saksafoni mgongoni. Akachuchumaa, akaigusa ngozi kwa kiganja. Akaniuliza ni ngoma za kabila gani.

Kiingereza changu cha kidato cha nne kikafika mwisho, nikampelekea mjomba swali.

"Mwambie za Kikuba," mjomba akasema.

Mgeni hakupendezwa. Kwamba huko Kuba zilizaliwa mikononi mwa wazao wa watumwa waliotoka pande za Kongo, hilo nililisoma miaka mingi baadaye. Jioni ile sikuwa na la kumwongezea.

Wakamruhusu apande. Wimbo ulianza taratibu, waimbaji wawili, na yeye akaanza kupuliza hapohapo, juu ya sauti zao. Mpiga gitaa la ridhimu akamgeukia, mkono hausimami. Mjomba akanikonyeza: asubiri chemko, pale beti zinapokwisha na magitaa kuchangamka. Nikamwinulia mgeni kiganja.

Akasubiri. Beti zote, saksafoni ikining'inia kifuani, macho kayafumba. Mguu wake ulikuwa unakanyaga pasipo na pigo, kisha ukawa unasogea kidogokidogo, ukitafuta, mpaka ukakutana na tumba. Solo likafungua chemko, gitaa la pili likalijibu, na nilitegemea sasa atatupasua masikio. Wapi! Alidokoa noti tatu za gitaa la pili, akazirudia, akazirudia tena. Wakina mama wakainuka na chupa zao. Halafu akaziacha, akapanda juu na mambo ya kwao, na mpiga solo wetu, aliyekuwa akililia siku zote kupiga Kimarekani, akamkimbilia huko. Ridhimu na tumba zikabaki peke yao kushika nyumba. Kwa muda sikujua nani anamfuata nani. Mjomba alikuwa anacheka mdomo wazi, na si kawaida yake: huyu ni mtu aliyekuwa bado anawaombolezea ndugu wa Kinyonga, waliounda bendi ya Arusha Jazz mwaka 1970 kisha wakaenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Kila gitaa likiteleza alisema, "Wenye vidole walishavuka mpaka."

Vyombo vilipofungwa mgeni akanunua bia za wote, akaniomba nimwambie mjomba ampigie kitu kimoja tu cha kwao hasa, cha asili, alichokikuta nyumbani akiwa mtoto.

Mjomba akafikiri, akavuta tumba katikati ya magoti, akampigia cha-cha-cha ya Kikuba.

Mpiga solo aliona ni dharau. Mimi sina hakika. Mjomba alizaliwa Ngarenaro, na babu alikuwa na santuri za GV, zile za muziki wa Kikuba wa akina Trio Matamoros zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930; zilikuwamo ndani ya nyumba kabla yake. Huenda alijibu swali sawasawa kabisa.