Majani ya Kondeni Mbele ya Kamera

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Mathayo 6:28–30. Wengi wetu huikimbilia aya ya 33, ile ya kuutafuta kwanza ufalme wa Mungu, na kuzipita hizi njiani. Bwana anatuagiza tuyafikiri maua ya mashamba, jinsi yameavyo. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata majani ya kondeni, yaliyopo leo na kesho hutupwa kalibuni, Mungu huyavika. Nataka tukae hapo kwenye majani, maana maua kila mtu huyasifu.

Yupo mtu aliyeyatazama majani hayo kwa karibu sana. Karl Blossfeldt alizaliwa Ujerumani mwaka 1865, katika kijiji cha Schielo kwenye milima ya Harz. Ujanani alijifunza uchongaji na usubuaji wa chuma, kisha akaenda Roma kumsaidia mwalimu wa sanaa Moritz Meurer kukusanya mimea ya kufundishia nakshi. Kuanzia 1898 hadi 1930 alifundisha Berlin, katika shule ya sanaa na ufundi. Upigaji picha hakuusomea. Alijitengenezea kamera ya mbao inayotumia sahani za kioo, akaikuza mimea mara 10, mara 20, pengine hata mara 30.

Na mimea hiyo aliitoa wapi? Mingi aliichuma kando ya barabara na kwenye matuta ya reli. Magugu! Aliyapeleka nyumbani, akanyofoa majani yanayoziba umbo, akaweka karatasi nyeupe au ya kijivu nyuma yake, akaacha mwanga wa kawaida ufanye kazi taratibu. Aliendelea hivyo miaka 30 na zaidi. Picha zilikuwa za darasani, wanafunzi wake wajue kwamba nakshi ya chuma au ya mbao ina mwalimu wake shambani. Ulimwengu ulimfahamu mwaka 1928 tu, kilipotoka kitabu chake Urformen der Kunst (yaani Maumbo ya Asili ya Sanaa) chenye picha 120, naye akiwa amepita miaka 60. Miaka minne baadaye akafariki.

Ukiona picha yake ya kangaga changa, lile chipukizi lililojikunja kabla ya kufunguka, utadhani ni bakora ya askofu iliyofuliwa na mhunzi hodari. Alipiga pia zile nyuzi za mboga ya maboga, ambazo hata sisi tunaziona zikiparamia ua. Ziangalie vizuri siku moja. Uzi ukishashika kijiti hujiviringa upande mmoja, na ukifika katikati hugeuka ukajiviringa upande wa pili, ukawa springi. Upepo ukivuma, mboga inanesa, haikatiki. Tunapochuma majani yake kwa ajili ya jioni tunazimenya nyuzi hizo na kuzitupa, na hata huko jalalani zinakwenda zikiwa zimeviringwa kwa ustadi uleule.

Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa, nami sitamgeuza mhubiri. Lakini mimi nikiziangalia picha zake naliona neno la Bwana limesimama mbele yangu. Chukua kishonanguo, kinachotukera tukitoka shambani. Mbegu yake ni nyembamba na nyeusi, na kichwani ina miiba miwili au mitatu. Kila mwiba una vimeno vidogo vidogo vilivyoelekezwa nyuma, ndiyo maana ikishanasa kwenye kanga haitoki kwa kupangusa. Hakuna aliyekipanda, hakuna anayekihitaji, na bado Mungu amekitengeneza mpaka kwenye vimeno ambavyo macho yetu hayavifikii.

Bwana alisema maneno haya kwa watu waliokuwa na shida ya kweli ya chakula na mavazi. Leo angekuwa anasema na mama anayewaza ada ya muhula ujao, na kijana ambaye kodi ya chumba imempita. Hakuwakemea kwa kuwa na mahitaji, Baba anayajua. Aliwaelekeza macho chini, kwenye majani, wakaone kazi ya mikono ya Yule wanayemwomba. Nami naamini sehemu kubwa ya hofu yetu inanenepa kwa sababu agizo hilo la kutazama hatulifanyi. Tunalisoma tu.

Tena, Mungu mwenyewe alipotaka nyumba ya ibada alitaka mimea iwemo. Kinara cha hema ya kukutania kilikuwa na vikombe mfano wa maua ya mlozi (Kutoka 25), na fundi wake, Bezaleli, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi wa namna hiyo. Hekaluni mwa Sulemani mierezi ilichongwa maboga na maua yaliyochanua, na nguzo zikapambwa makomamanga na mayungiyungi. Mafundi wale nao lazima walikaa wakaangalia ua kabla ya kushika patasi.

Basi kabla ya Jumapili tusome 1 Wafalme 6 na 7, kila mmoja na kalamu yake, tupige mstari kila panapotajwa mmea. Walimu wa watoto, wapeni kila mtoto gugu moja alichore bila haraka, mizizi yake na mbegu zake. Michoro hiyo tuibandike ukutani kanisani, na kila mtoto asimame aeleze alichokiona.