Tumeshazoea

Jamani kuna neno nimekaa nalo tangu Jumanne na leo Ijumaa, nimelimeza halishuki, nimelitema halitoki, basi naliweka humu maana nyie mmenizoea. Mnaona, hata hapo nimeliandika tena.

Wiki kwa kifupi: dripu ya nne ya kemo, dawa ya hii saratani yangu ya titi, tulishaimaliza Jumatatu ya wiki iliyopita, ndo ya mwisho ya ile dawa nyekundu, Mungu ni mwema, zimebaki zile za kila wiki mara 12, barua ya uhamisho ya Baba Watoto imetoka na kweli ni Dodoma, mwanangu mkubwa kachaguliwa shule ya bweni. Hayo nitayaandika siku yake. Leo naandika habari ya vitunguu.

Jumanne ilikuwa siku ya tisa tangu dripu. Mnaojua ratiba yangu mnajua siku ya tisa ni siku gani. Siku ya kwanza mkojo unatoka mwekundu na zile sindano za kuzuia kichefuchefu bado zinanishikilia, siku ya tatu mpaka ya sita nageukia ukuta na sitaki kusikia mtu anakaanga kitu hata nyumba ya tatu, siku ya saba nakaa kitako kitandani, ya nane naanza kuulizia habari za watu, ya tisa natamani. Sisemi njaa, njaa nimeisahau tangu dripu ya kwanza, nasema kutamani, kile kitu cha mtu kukaa akawaza uji wa mchele wa nazi wa bibi yake pale Muheza, ule mwepesi, tui la pili tu, iliki mbili zimepondwa, umeachwa mpaka ukapoa ukafanya utando juu. Nimekaa nikauwaza huo uji mpaka mate yakanijaa. Kwa mtu ambaye mdomo wake una ladha ya msumari tangu mwezi wa sita, mate kujaa ni jambo la kushangilia.

Basi nikainuka. Nikajifunga kanga, nikafunga na kilemba maana kichwa kitupu kinapata baridi hata Dar hii, nikaenda jikoni. Jikoni KWANGU. Wifi alikuwa anaandaa chakula cha mchana, amebandika maharage, vitunguu vinne viko kwenye ubao bado havijamenywa. Nikavuta stuli nikashika kisu. Nikasema nimenye hivi vitunguu kwanza nimsaidie, halafu nitabandika kauji kangu pembeni. Sijamaliza hata kimoja. Akageuka, akanitoa kisu mkononi taratibu kabisa, akasema:

"Wifi, acha hivyo, we' kapumzike. Jikoni tumeshazoea."

Mimi nikasema, "Haya wifi."

Basi. Hakuna kingine kilichosemwa. Nikarudi chumbani nikalala chali na kanga yangu kiunoni.

Sasa nisikilizeni. Angesema "tumezoea" ningemeza. Tumezoea ni neno la kawaida tu, mtu anazoea foleni, anazoea mbu. Lakini hiyo "sha" hapo katikati. Tume-SHA-zoea. Yaani limekwisha hilo, shauri lilishafungwa siku nyingi na mimi sikuwepo kikaoni. Nimelala na hiyo "sha" usiku wa Jumanne, nimeamka nayo Jumatano, nikiwa nachota maji ya chumvi kusukutua mdomo naisikia, sha, sha. Halafu hiyo "tu" ya mwanzo. Tu nani? Yeye na nani? Yeye na Baba Watoto? Yeye na wanangu? Mimi nimo kwenye hiyo tu au ndo nimehesabiwa na wageni? Maana mgeni ndo huambiwa akapumzike.

Na sauti aliyosemea nimeirudia mpaka siikumbuki tena vizuri. Mara ya kwanza niliisikia ya upole. Jumatano asubuhi nikaisikia ya mtu aliyechoka. Jumatano jioni nikaisikia ya mwenye nyumba.

Wala simsemi Wifi vibaya, mnisome vizuri hapo. Huyu mtu alishuka kwenye basi kutoka Marangu mwezi wa sita na begi moja na mkungu mzima wa ndizi mshare, akaacha ng'ombe wake wawili kwa jirani, na hajawahi kuniuliza nitapona lini. Mtori wake ndo umenibeba. Kama kuna mtu anamuuguza mtu wa kemo nitamwambia hivi, mtori: mifupa yenye nyama ichemke mpaka nyama inaachia yenyewe, ndizi zimenywe ziive humo humo kwenye supu, kitunguu, karoti, halafu ponda na mwiko, na siku mdomo una vidonda pitisha kwenye blenda mpaka unanyweka kwa kikombe. Uache upoe. Hii ya kupoa nawaambia kila siku, chakula cha moto kinatoa harufu na harufu ndo adui, kikishapoa harufu inalala na mtu anaweza. Na kijiko kiwe cha mbao au hata cha plastiki, cha chuma kinazidisha ile ladha ya msumari. Bakuli liwe dogo. Ukimletea mgonjwa sahani ya kushiba wote anashiba kwa kuiangalia.

Hayo yote Wifi anayafanya bila kuambiwa mara mbili. Nesi alisema wakati chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, ziko chini nisile kachumbari wala matunda yaliyomenywa barabarani, Wifi akahakikisha hata parachichi linaoshwa kabla ya kukatwa. Wale wageni wa "acha sukari kabisa, sukari inalisha saratani, kunywa mizizi hii" yeye ndo anawapokea mlangoni, anachukua ile mizizi anashukuru sana na mimi siioni tena. Kwa hiyo naelewa pia kwamba siku ya tisa ndo chembe zenyewe ziko chini, kisu kikinikata ni hadithi nyingine. Huenda aliwaza hilo. Lakini hakusema "utajikata". Alisema tumeshazoea.

Halafu ni jiko, jamani. Mnajua mimi na jiko. Sina cheti cha maana, sina biashara, lile genge langu la Kimara nilishalifunga mwezi wa tano, lakini mtu akila kwangu anarudi. Baba Watoto mwenyewe alinifuata kwa samaki wa nazi na anakiri mbele za watu. Sasa samaki wenyewe siwezi hata kuwapita. Siku za dripu tukishuka mwendokasi pale Kivukoni ndo pale pale na soko la samaki la Feri, zamani nilikuwa naingia mnadani alfajiri nachagua changu na kolekole kwa kuwaangalia macho, siku hizi Baba Watoto ananipandisha bajaji haraka haraka na mimi nimebana ganda la ndimu puani mpaka tuikute hospitali ya Ocean Road kwenyewe, upepo wa bahari. Nimenyang'anywa mengi na huu ugonjwa na nimeyaachia. Nywele niliziachia, nilizinyoa mwenyewe kabla hazijanimwagikia kwenye mto wa kulalia. Titi nilishawaambia. Lakini nilikuwa nimeliweka jiko pembeni, nikasema hili nalikuta likinisubiri.

Jana sasa, Alhamisi alfajiri. Sikulala. Saa kumi nikasema potelea mbali, nitapika uji wangu wakati watu wamelala, jiko halina mwenyewe saa hizo. Nikaenda kimya kimya. Nikaosha mchele nusu kikombe, maji mengi, nikauacha uchemke mpaka ukapasuka, nikakuna nazi nusu kwa ile mbuzi ya marehemu mama, nikakuna taratibu maana mkono wa upande wa upasuaji bado mzito, nikakamua tui la pili nikatia. Iliki. Chumvi nikashika mkononi nikasimama nayo. Kwetu uji wa nazi unatiwa chumvi punje punje, ndo inayoamsha nazi, bila chumvi nazi inakuwa kama sabuni. Na mimi chumvi siijui tena. Nimeonja, kitu kidogo tu kwa mbali, nikaonja tena, sijui. Nikajikuta nalia na chumvi kiganjani saa kumi na moja kasoro.

Akaingia Kadogo. Huwa anaamka kwenda kukojoa saa hizo. Hakuuliza nalilia nini, ana miaka sita na ameshaniona nikilia kwa mengi, akavuta ile stuli akapanda akachungulia sufuria.

"Mama, nikuonjee?"

Nikamtilia kwenye kijiko, nikapuliza. Akaonja na macho amefumba, kama mtu mzima wa kazi hiyo.

"Bado."

Nikatia kidogo. Akaonja. "Bado kidogo." Nikatia. Akaonja akafungua macho. "Hapo hapo Mama. Usiongeze."

Nikamuuliza mwanangu nani kakufundisha kuonja hivyo. Akaniambia shangazi. Akasema, nayaandika kama alivyoyasema, "Shangazi ananionjeshaga kila siku ila yeye hatii chumvi, ananionjesha kama imeiva tu."

Hatii chumvi vipi?

"Si ulilia Mama. Siku ile ulisema chumvi inakuchoma mdomo. Shangazi akasema humu ndani chumvi basi."

Jamani. Nikaanza kuhesabu. Vidonda vya mdomo nilivipata wiki ya dripu ya pili, nakumbuka ile siku, alinipa supu nikapiga ukelele nikaisukuma ikamwagika. Vidonda vilipona kwa siku kumi hivi. Tangu ile siku ni zaidi ya wiki sita. Wiki sita mwanamke huyu hajatia chumvi kwenye sufuria la nyumba hii, mtori hauna chumvi, maharage hayana chumvi, mchicha hauna, na mimi nimelala chumbani naomboleza ulimi wangu, nimewaandikia humu posti mbili nzima kwamba dawa imenimalizia ladha yote, nimemwambia mpaka daktari! Dawa imechukua sehemu yake ndiyo, ule msumari uko palepale, lakini nyingine ilikuwa ni mtori usio na chumvi.

"Na baba anakula?"

"Anakula."

"Hasemi kitu?"

Kadogo akafikiri. "Alisema mara moja. Shangazi akamwambia mtazoea."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikaziba mdomo na kanga, na yeye akacheka kwa sababu mimi nacheka, mpaka Wifi akatokea mlangoni na kitenge chake kakifunga kifuani, anauliza kulikoni alfajiri yote hii. Sikuweza kumwambia. Nilimkaribisha tu, nikamchotea uji kwenye kikombe. Akakaa chini kwenye kigoda, akanywa kimya mpaka nusu, halafu akasema, "Wifi, uji wenu huu una chumvi."

"Una chumvi wifi."

"Mdomo hauchomi?"

"Haunichomi. Siku nyingi hauchomi."

Akaniangalia. "Mbona hukusema?"

Nikamjibu sikujua. Akanywa ukaisha, akasema angejua angeniongezea tangu ule mwezi, akaenda kuwasha jiko la mkaa nje kwa ajili ya maji ya kuoga watoto. Basi hivyo tu. Hatukuongea habari ya Jumanne, na sijui kama anakumbuka kwamba kuna kitu alisema.

Mimi nilikunywa kikombe na robo, cha kwanza kukaa tumboni chote tangu dripu. Mchana maharage yalikuja na chumvi na Baba Watoto, ambaye huwa anakula huku anaangalia simu, aliinua kichwa, akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akamwangalia dada yake, akaendelea kula. Aliongeza mara mbili. Hakusema neno.

Ile "sha" bado ninayo. Imepungua ukali ila bado ipo, usiku wa kuamkia leo nimeisikia tena. Maana vitunguu sijavimenya bado, uji niliupika gizani kama mwizi. Jumapili ni siku ya kumi na nne, chembe zinakuwa zimeanza kupanda, nimemwambia Kadogo tutapika wali na yeye ataonja, Wifi atakaa kwenye kigoda. Bado sijamwambia Wifi mwenyewe. Nimeandaa namna ya kusema kama mara ishirini hivi.

Halafu simtank ya nyuma, lile tangi la maji, ina ufa kwa chini, nimeuona leo asubuhi nikianika kanga, maji yanatoka kama jasho na udongo pale chini umeshalowa. Fundi nimempigia mara nne hapokei. Kama kuna mtu maeneo ya Kimara anamjua fundi anayeziba zile za plastiki bila kuuza maneno aniambie, maana watu wa maji, DAWASA, wakikata tena Jumamosi kama wiki iliyopita sina tone la akiba.